Kelele Inayovaa Kikwembe

Kuna harufu moja inayonisimamisha njiani hata nikiwa na haraka: grisi iliyoungua. Juzi nilikuwa nashuka kutoka Ngezi kwenda sokoni, nikapita mahali vijana walipofungua gurudumu la lori kando ya barabara, na harufu hiyo ikanipiga puani. Nikasimama na kikapu changu kama mtu aliyeitwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, uko unatafuta nani?"  Nilikuwa namtafuta baba yangu, ambaye tulimzika zamani kiasi kwamba watu wameacha kunipa pole, na mama yangu vile alivyokuwa kabla nywele zake hazijageuka nyeupe.

Ninyi mliokulia Bunia wakati mmoja nami mnazikumbuka kamioneti za namna ya ile yetu. Mbele watu watatu wakibanana, nyuma wazi, pembeni vyuma vimechomelewa ili mzigo uzidi kupanda juu. Ilikuwa nyeupe zamani. Mlango wa abiria ulifungwa kwa utepe wa mpira, na ukitaka kuufungua ni lazima baba azunguke mwenyewe. Asubuhi alipakia samaki wakavu wa Kasenyi na maharagwe ya wafanyabiashara, akashuka nayo hadi Komanda. Jioni alirudi na ndizi, makaa na mafuta ya mawese. Nilijua saa ya kurudi kwake kwa mlio wa injini, nikakimbia hadi kwenye njia panda ili anipandishe kwa hatua zile chache zilizobaki. Siku ya Mungu, tukitoka kanisani, aliniacha nikae kwenye usukani gari likiwa limesimama uani, akaniita Kiberiti, kwa sababu nilikuwa mdogo na mwepesi wa kuwaka. Mtu mwingine yeyote hakuniita hivyo. Hata mama.

Kisha kelele ikaja.

"Inasaga," baba alimwambia mama jioni moja, akinawa mikono. "Kama mutu anatafuna mchanga. Inaanza, inanyamaza, inaanza tena."

Fundi wa karibu na kwetu aliiinua kamioneti, akazungusha magurudumu kwa mkono, akatikisa hiki na kile. Hakusikia kitu. Akabadilisha fre, yaani breki, akapaka grisi, akaendesha mpaka uwanja wa ndege na kurudi. "Gari iko muzima, Shofere," akasema. Kesho yake baba akapakia, akaenda, na kule mbele kelele ikamngojea. Ikambidi aende polepole, asimame mara kwa mara ili magurudumu yapoe, na jua likamtupa mkono. Hakuna aliyethubutu kupita njia ile giza likiingia. Kwa hiyo baba akaanza kulala Komanda. Kwanza mara moja, kisha mara nyingi.

Mimi niliichukia kelele ile kabla sijaisikia. Niliionea wivu kama mtoto anavyomwonea wivu mdogo wake aliyezaliwa juzi. Siku ya Mungu baba hakuniweka tena kwenye usukani. Alilala chini ya gari, miguu yake tu ikionekana, na nikimsemesha alijibu, "Ngoja, mwanangu, niko nasikiliza." Alisikiliza gari bovu kuliko alivyonisikiliza mimi.

Wivu wa mama ulikuwa wa namna nyingine, nami sikuujua jina lake. Mama yangu alitoka Djugu. Alifika Bunia kwa miguu akikimbia vita pamoja na watu wa kijiji chao, baada ya nyumba, ng'ombe na kaka yake kubaki nyuma, na hata Bunia alihamishwa mara mbili kabla ya kupata ile nyumba yetu ya Ngezi. Aliuza mboga za lenga-lenga na vitunguu vya shamba lake dogo, na alicheka kwa sauti ambayo majirani waliitambua wakiwa ndani mwao. Lakini kitu alichobaki nacho alikishika kwa mikono miwili. Sufuria zake hazikuazimwa. Na baba alikuwa mmoja wa vitu vilivyobaki.

Siku moja baba alirudi na shati lake la kaki likiwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Mama alilishika shati lile muda mrefu kabla ya kulitia majini.

"Kifungo hiki?"

"Ilinaswa mu mulango," baba akasema.

"Na nani alishona?"

"Kule Komanda. Pale ninakulaka."

Siku chache baadaye Mama Chantal, jirani yetu, alipita nyumbani, akakaa juu ya kigoda na kujipepea. Alikuwa ametoka Komanda kwa pikipiki. Alisema amemwona baba akila kwa mama mmoja wa malewa, yaani zile jikoni za barabarani, karibu na mahali malori yanaposimama. Alisema amemwona akicheka. Alisema, na nakumbuka jinsi alivyoishusha sauti, kwamba yule mama alikaa chini pamoja naye, akaacha wateja wengine wakingoja.

 Nilikuwa pembeni nikichambua maharagwe. Nikamsikia mama akisema, "Hiyo kelele ya gari ninaijua, Mama Chantal. Hiyo kelele inavalaka kikwembe."

Mama Chantal akapiga makofi. Mimi nikaacha maharagwe. Kikwembe! Kwa nini hakuna aliyemwambia baba? Nilijua vikwembe, zile nguo wanawake wanazojifunga kiunoni, hunaswa kwenye magurudumu; nilishaona mwanamke akivutwa nguo yake na pikipiki sokoni. Nikaamini kwamba kipande cha nguo kimejisokota mahali fulani kule chini, kinasagwa kila gari linapotembea, na mama amegundua ila anangoja kuulizwa. Baba alipolala, nikaingia mwenyewe chini ya kamioneti nikatafuta. Nilitoka na mafuta kichwani na sikuona uzi hata mmoja.

Asubuhi ya safari iliyofuata mama alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akanivalisha sweta.

"Leo siye tunaenda naye," akasema.

Baba alikuwa akifunga kamba juu ya magunia. "Siye nani?"

"Mimi na mutoto. Tunataka kusikia ile kelele."

"Njia haiko muzuri kwa mutoto, Mama."

"Kama haiko muzuri kwa mutoto, iko muzuri kwa baba yake?"

Baba akakaza fundo la mwisho. Kisha akazunguka kufungua ule utepe wa mpira. Nikakaa katikati, mama akakaa mlangoni, mkoba wake magotini kama mtu aliye ofisini akingoja kuitwa.

Tulitoka mjini bila mlio wowote usio wa kawaida. Kamioneti ilitikisika, vyuma viligongana, injini ilikohoa kwenye mlima, lakini hakuna kilichosaga.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Ngoja kidogo."

Tukapita mashamba, tukapita kizuizi cha kwanza ambapo askari alichungulia ndani na kunitekenya shavu.

"Bado iko inalala?"

"Labda imeona bibi yangu, imeogopa," baba akasema, akijaribu kucheka. Mama hakucheka. Nikaona kidole chake kikipapasa kifungo cha mkoba, kikikifungua na kukifunga.

Baadaye baba aliinua kichwa. "Sasa! Munasikia?" Mama akasema hasikii kitu ila vyuma na injini. Mimi nilisema nasikia, lakini ukweli sikuwa na hakika. Nilisema tu ili baba anitazame. Barabara ikanyooka na baba akasema imenyamaza. Mama akacheka kwa pua. "Simamisha," akasema. "Ninapanda nyuma."

"Nyuma juu ya samaki?"

"Juu ya samaki."

Akapanda, na kitambaa chake cha kanisani, akakaa juu ya magunia akiwa ameshika chuma. Tukaendelea. Nilikuwa peke yangu na baba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamkaribia mpaka kiwiko chake kikanigonga kila alipobadilisha gia. Sikutaka tufike popote. Barabara ikaanza kushuka kuelekea mtoni, ikakata kuume, kisha kuume tena, na ghafla juu ya vichwa vyetu paa likapigwa kwa kofi, mara nyingi, kama mlango wa mtu aliyelala.

Baba akasimama. Mama aliruka chini kabla gari halijatulia, vumbi limempaka uso mzima.

"Nimeisikia," akasema. Alionyesha gurudumu la nyuma la kushoto. "Iko hapa. Nilikuwa juu yake, inapanda mpaka mu mifupa. Ukikata kuume, mzigo unakuja upande huu, inalia. Ukinyoosha, inanyamaza."

Baba alichuchumaa, akasogeza kiganja kwenye kitovu cha gurudumu, akakirudisha haraka. Akachukua chupa ya maji, akadondoshea kidogo. Maji yakachemka na kuruka, na ndipo harufu ile ikapanda, grisi iliyoungua, nzito, tamu kidogo. Baba alibaki amechuchumaa na mikono kichwani, akacheka hadi mabega yakamtikisika. "Si nilikuambia? Si nilikuambia, Mama? Watu wote walisema ninaota!"

Nilidhani mama atafurahi. Amepata kilichowashinda mafundi. Lakini alikuwa akitazama maji yakikauka juu ya chuma, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kelele iko," akasema. "Sikusema haiko. Twende Komanda."

Tulikwenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Komanda kulikuwa na malori yaliyotoka Beni na mengine ya kwenda Mambasa, pikipiki zikipita katikati yao kama nyuki, mbuzi, vumbi, moshi wa nyama. Fundi aliyevaa kofia ya sufu aliiinua kamioneti mzigo ukiwa bado juu, akaweka ncha ya chuma kirefu karibu na gurudumu na ncha nyingine sikioni, akamwambia mwenzake azungushe. Alipomaliza akanipa na mimi nisikilize. Nikaisikia hatimaye, peke yake, bila injini: kitu kidogo kilichovunjika, kikizunguka na wenzake wazima na kuwasaga.

"Rulema imekufa," fundi akasema. Rulema ni ile pete ya chuma yenye vidude ndani, inayowezesha gurudumu kuzunguka. "Kule Bunia walikuwa wanainua gari tupu. Ikiwa tupu hailii." Alikuwa na nyingine aliyoitoa kwenye gari lililoanguka. Alisema tungoje mpaka alasiri.

"Mutoto iko na njaa," mama akasema. "Tupeleke pale unakulaka."

Baba alisita kidogo tu. Lakini alisita.

Nilikuwa nimemwazia mwanamke wa malewa akiwa na nywele za kuunganisha na kucha nyekundu, na nafikiri mama naye alimwazia hivyo. Yule aliyetoka jikoni alikuwa mkubwa kuliko mama, mnene, amevaa buti za mvua, na jino moja la mbele halikuwepo. Wateja walimwita Mama Asifiwe. Alipotuona alipangusa mikono kwenye kikwembe chake, akamsalimu mama kwa heshima, kisha akainama, akanishika kidevu.

"Ni huyu Kiberiti?"

Nilihisi kama mtu ameingiza mkono mfukoni mwangu. Nilimtazama baba, naye akatazama mbali. Nilimtazama mama, na macho yetu yakakutana. Hakujua kwamba jina lile limetoka nje ya ua wetu, na mimi sikujua. Ndiyo mara ya kwanza nakumbuka mimi na mama kuumwa mahali pamoja.

"Tumbo yake ilipona?" Mama Asifiwe akaendelea. "Na ile shamba ya vitunguu, maji iliacha kuingia?" Alijua tumbo langu. Alijua vitunguu. Akatuletea bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, wale samaki wa chumvi, na chakula kilikuwa kitamu, jambo lililoniudhi zaidi. Mama hakugusa. Baba alikula akiangalia sahani.

"Basi wameona kelele?" mwenye malewa akamwuliza baba.

"Wameiona. Rulema."

"Lakini hawakuona kikwembe," nikasema. Nilitaka wanisikilize, kwa kuwa mimi nilijua kitu wasichokijua.

"Kikwembe gani, mwanangu?"

"Mama alisema ile kelele inavalaka kikwembe. Nilitafuta chini ya gari, sikuiona."

Kijiko cha baba kilisimama hewani. Mama Asifiwe aliinamisha uso akatazama kikwembe chake mwenyewe, kilichofifia, masizi kwenye pindo. Hakucheka. Wala hakukasirika. "Kwenda uangalie gari yako, Baba," akamwambia, na baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akitumwa na mtu, akainuka akaenda.

Kisha akavuta kiti mbele ya mama. "Ulikuja kuniangalia. Basi niangalie."

Mama akamwangalia. "Kifungo," akasema.

"Nilishona mimi. Uzi niliyokuwa nayo ilikuwa ile."

"Kwangu alisema ilinaswa mu mulango."

"Haikunaswa." Mama Asifiwe alinitazama, akapunguza sauti, lakini nilikuwa karibu na nilisikia. "Kuna watu walimusimamisha mu njia. Walitoka mu pori. Walimukamata hapa kwa shati, wakamulalisha kifudifudi, bunduki mu shingo. Walichukua mzigo, wakaenda. Alifika hapa, nikamuwekea chakula. Kijiko ilikuwa inaanguka. Anaokota, inaanguka. Mikono ilikataa. Nikamuambia weka chini, Baba. Nikamulisha."

"Ulimulisha."

"Nilimulisha."

"Bwana yangu."

"Angekuwa yako ao ya mwingine, ningemulisha. Yangu alibaki mu njia ya Beni, hakuna mutu alimulisha."

 Nje fundi alikuwa akigonga chuma kwa nyundo. "Ningekuta analala kwako," mama akasema mwishowe, "ningejua kitu ya kufanya. Ningekupiga, ningeenda kwa wazee, ningelia mbele ya watu. Sasa hii nitaifanya nini? Kwangu anakuja anacheka. Kulia anakuja kulia kwako."

"Alisema weye ulikimbia sana. Anaogopa akikuambia, utakusanya mutoto na sufuria, mukimbie tena."

 Mama aliinuka, akanishika mkono kwa nguvu, na kabla ya kutoka akageuka. "Aksanti kwa kifungo," akasema. Shukrani ile ilimtoka kama mtu anayetema mfupa.

Hawakuwa marafiki kamwe. Tangu safari ile mama alimpikia baba kila alipokwenda Komanda, akaifunga sufuria kwa kitambaa, yeye asiyeazima sufuria zake, na kuiweka mbele kwenye kamioneti ili ale humo humo. Baba alikula. Kama alisimama pia kumsalimu Mama Asifiwe, sijui, na mama hakuuliza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alikasirika siku ile kwa sababu sombe ya mwenzake ilikuwa tamu kuliko yake. Ilinibidi niolewe, nimwone mume wangu akimweleza rafiki yake kando ya moto habari ambayo mimi sikuwa nimeambiwa, ndipo nikajua ni kitu gani kilimkata mama pale mezani.

Alasiri ile kamioneti ilikuwa tayari. Baba aliufungua ule utepe wa mpira wa mlango, na mimi nikataka kupanda kwanza, nikae mahali pangu katikati. Mama akanizuia kwa mkono.

"Weye kaa ku mulango."

Akapanda yeye, akakaa katikati, magoti yake yamebanwa na gia, bega lake likigusa bega la baba. Tulipanda ile barabara ya kukata kuume na kushoto, mbao na makaa nyuma yetu, na gurudumu likazunguka bila kusema kitu. 

"Nambie," mama akasema.

"Nikuambie nini?"

"Yote ulimuambia ule mama. Anza na kifungo."

Baba aliendesha.  Kisha akaanza, macho yake njiani, kwa sauti ambayo sikuijua, nyembamba, ikikatikakatika. Alisema habari ya majani yaliyokuwa mdomoni mwake alipolazwa chini. Alisema alifikiria nini. Mama hakumkatiza. Nilijinyoosha ili nione uso wake, lakini kichwa cha mama kilikuwa katikati yetu, na kila nilipojisogeza, kiwiko chake kilinirudisha mlangoni.

"Baba," nikasema, "kelele imerudi."

Wakanyamaza wote wawili, wakasikiliza. Hapakuwa na kelele.

"Hakuna kitu," mama akasema bila kunigeukia. "Endelea, Baba."

Naye akaendelea. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, na mkono wa mama ulikuwa umeufunika, na ile barabara mbovu ikaitikisa yote miwili kwa pamoja hadi tukaziona nyumba za Bunia.